Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Zanzibar: dripu tunapewa, kichwa nani anatutibu?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia huduma za mama na mtoto na huduma za afya ya akili, Unguja na Pemba.

YAH: WAJAWAZITO WANAOTAPIKA KUPITA KIASI NA HALI ZAO ZA AKILI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mie ni mama wa watoto wawili, mkaazi wa Wete, na mimba zote mbili nimezibeba kwa kulala. Naandika hadharani kwa sababu kimya kimya nimeshasema mpaka nimechoka, sanduku la maoni la hospitali niliyotibiwa nimetia karatasi, mkuu wa wodi nimemfata ofisini kwa adabu zangu zote, barua nimepeleka ikagongwa muhuri wa kupokelewa na kopi ninayo, na jibu nililopata ni la mdomo tu kuwa "suala lako linafanyiwa kazi". Mtoto aliyekuwa tumboni wakati ule sasa anakimbia na kuvunja vikombe. Kwa hiyo msinione mkosa adabu, hodi nimepiga kwanza.

Kichefuchefu cha kawaida cha mimba sote tunakijua, unatapika asubuhi, unanyonya ndimu, mchana unakula embe mbichi kwa pilipili na mambo yanaendelea. Hii ninayoisema madaktari wanaiita haiparemesisi gravidaramu, mtu anatapika mpaka nyongo ya kijani, nyongo ikisha anatapika hewa, maji hayakai tumboni, mkojo unakuwa rangi ya chai kavu na uzito unashuka kwa asilimia 5 au zaidi ya ule aliokuwa nao kabla ya mimba. Wataalamu wanakisia inawapata kati ya 0.3 na 3 katika kila wajawazito 100. Wengine tunaongezewa na mate, hayamezeki, ukiyameza unatapika, basi unakaa na kopo ubavuni usiku na mchana. Langu lilikuwa kopo la maziwa ya unga, mama akalitia mchanga chini lisinuke, na likijaa anamwaga anatia mchanga mwengine, na wallahi nilifika pahala nikawa nasikia harufu ya mchanga.

Halafu msimu wa karafuu ukaingia. Asiyekaa Pemba hawezi kulijua hili, majamvi kila uwanja mpaka kando ya barabara, mji mzima unanuka karafuu mbichi, kwa watu ile ni harufu ya pesa na skuli za watoto, mie dirisha lilizibwa kwa kanga mbili na bado ikapenya. Mama mkwe wangu, Mungu amuweke, alizihamisha karafuu zake akawa anaenda kuzianika kwa nduguye mtaa wa tatu, asubuhi anazitandaza, jioni anazifata, mvua ikitisha anakimbia, ili tu mkwewe apate kuvuta pumzi. Sijui nitamlipa nini.

Dripu nilipewa, sindano za kuzuia kutapika nilipewa, na wauguzi walionishika mkono nawaombea kila siku. Kilio changu ni kichwa. Mwili ulikuwa unatibiwa nusu na akili haikutibiwa kabisa, na nikizungumza na wanawake wenzangu waliopita njia hii, wa hapa Wete, wa Micheweni, wa Mkoani na wa ng'ambo Unguja, wote hadithi ni hiyo hiyo. Malalamiko yetu ni haya:

1. Hakuna anayetuuliza.

Kliniki tunapimwa presha, uzito, damu, mkojo, tunapewa vidonge vya damu, tunaandikiwa kadi vizuri. Lakini usingizi unapata? Unalia? Bado unataka kuishi? Hayo hayaulizwi. Mie kwa mdomo wangu nilimwambia nesi "natamani nilale nisiamke", akacheka, na hakucheka kwa ubaya, akaniambia "mimba hizo, utazoea". Nikanyamaza mpaka nikajifungua.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea wanaopata maradhi ya akili wakati wa mimba, na zaidi ni sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ni 15.6 katika kila 100, na baada ya kuzaa ni 19.8. Hao ni wajawazito kwa ujumla. Kwa sie wa kutapika hali ni nzito zaidi, watafiti wa Imperial College London mwaka 2020 walikuta 49 katika kila 100 ya wenye ugonjwa huu wana dalili za sonona mimba ikiwa bado tumboni, wakati kwa wasiokuwa nao walikuwa 6 tu. Na kwenye uchunguzi mwengine wa huko huko Uingereza waliulizwa wanawake zaidi ya 5,000 waliowahi kuumwa hivi, robo nzima wakasema fikra za kujiua ziliwahi kuwajia mara mojamoja, na karibu 7 kwa 100 zilikuwa zikiwajia mara kwa mara. Hizo ni mimba walizozitaka wenyewe wengi wao, jamani. Mkisema hizo ni takwimu za wazungu, sawa, anzeni kutuuliza sie na mtakuwa na za kwenu.

Na maswali yapo tayari, hayahitaji kutungwa. Kuna yale 10 yanayoitwa ya Edinburgh, ya kutambua sonona kwa mama, ya tangu 1987, la mwisho linauliza khasa kama mama amefikiria kujidhuru, yanajibiwa kwa dakika chache na yameshatumika kwa Kiswahili. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limependekeza mjamzito aonane na mhudumu mara 8, basi hizo ni nafasi 8 za kumuuliza.

(Na wewe dada unayesoma hapa umelala ubavu na kopo lako, ikiwa fikra hizo zinakujia mwambie mtu leo leo, mama, dada, mume, daktari, na usikubali kuachwa chumbani peke yako.)

2. Tukisema tumeelemewa, tunaambiwa ndo maana tunatapika.

Hapa panakera kuliko pote. Ukikaa kimya unaambiwa vumilia, ukisema moyo umevunjika unaambiwa "ah, basi ni mawazo yako hayo, yaache na kutapika kutaacha". Mitaani nako wana lao, mimba imemchukia mume. Mume wangu alilala ukumbini muda mrefu kwa sababu watu walimtia maneno kuwa mke hamtaki tena, na ukweli ni kuwa nilichochukia ni mafuta yake ya nywele, yeye mwenyewe nilikuwa namtaka karibu anishike mgongo nikitapika.

Wala si sie peke yetu, madaktari wa Ulaya na Marekani zamani waliandika hivyo hivyo, kuwa mwanamke anayetapika sana ana jambo moyoni, hamtaki mtoto au hamtaki mume, na wengine walikuwa wakiwatenga na jamaa zao wodini kama matibabu. Sasa Desemba 2023 utafiti mkubwa umetoka kwenye jarida la Nature, wakiwemo watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge na Marlena Fejzo wa Marekani, ambaye mwenyewe aliumwa ugonjwa huu akapoteza mimba. Walichokuta ni kuwa kuna homoni inaitwa GDF15, inatoka kwenye kondo na kwa mtoto na kuingia kwenye damu ya mama, ikigonga ubongo ndo kichefuchefu. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa nayo kidogo sana mwilini, ikimjia nyingi kwa ghafla inamuangusha, aliyeizoea haimsumbui hivyo. Basi. Hapo hamna mume, hamna hasadi, hamna uvivu wa kuosha vyombo. Hata Catherine, mke wa mwanamfalme William, Desemba 2012 alilazwa hospitali London kwa ugonjwa huu huu na sikumsikia mtu akisema mimba imemchukia William.

Kwa hiyo mwili ndo unaoanza. Lakini mtu asiyekula, asiyelala, asiyetoka nje miezi, anayeambiwa anajidekeza, akili yake nayo inaumwa, na ikishaumwa inataka matibabu yake. Haya mawili watu wa afya ndo wa kwanza waliotakiwa kuyajua na bado tunajibiwa kama na majirani.

3. Mama akichanganyikiwa tunakimbilia mashetani.

Hili nitalisema kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa mtu anaweza kupotea huku tunamuangalia. Mtu akitapika wiki kwa wiki bila kula, vitamini B1 inaisha mwilini, ile inayoitwa thayamini, akiba yake yenyewe ni ya wiki mbili tatu tu. Ikiisha ubongo unaumia, na ugonjwa huo unaitwa kwa jina la Wernicke, daktari wa Kijerumani aliyeueleza 1881. Mgonjwa anachanganyikiwa, anasahau, macho yanacheza au anaona vitu viwili viwili, akisimama anayumba. Si lazima dalili zote zije pamoja.

Sasa mchukue huyo umuweke kwenye nyumba zetu. Bibi atasema kapandisha, atatafutwa wa kumsomea, ubani utafukizwa chumbani, na ule ubani peke yake unamtapisha upya. Sina vita na kusomewa, mie nimesomewa na nikapata utulivu, hata kombe niliandikiwa nikanywa, nikalitapika na zafarani yake, mama akalia. Ninachosema ni kuwa kusomewa kuende sambamba na hospitali. Na hospitali yenyewe nayo iwe inajua, kwa sababu mtu wa zamu aliyechoka akimuona mama anayumba na anazungumza mbali mbali ni rahisi kumuandika mgonjwa wa akili na kumsukuma kwengine, wakati anachotaka ni B1 haraka, na itangulie kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu sukari ikitangulia inamaliza ile kidogo iliyobaki na hali inaweza kuharibika zaidi. Akicheleweshwa kumbukumbu zinaweza zisirudi tena maisha.

Mie nilitundikiwa dripu ya sukari na B1 haikutajwa. Nilipopata nguvu ya kuuliza nikajibiwa "hiyo ni ya walevi". Walevi! Mie na baibui langu.

4. Msaada wa akili uko mbali, na uko mlango mwengine.

Kidongo Chekundu ndo hospitali ya akili ya visiwa vyetu na iko Unguja. Sina neno na wanaofanya kazi pale. Lakini mtu wa Pemba anayetapika kutwa mumpandishe boti, apite mkondo wa Nungwi ambao hata watu wazima wenye afya zao wanashika mifuko ya kutapikia na kusoma shahada? Na akirudi ameshabadilishwa jina, "yule aliyepelekwa Kidongo Chekundu", wifi zake watamsema na mtoto wake skuli ataambiwa. Ndo maana watu wanaficha.

Wauguzi waliosomea afya ya akili Pemba wapo, tunawajua. Tatizo ni kuwa kwetu sie walikuwa jengo jengine, siku nyengine, foleni nyengine, na mama wa aina hii foleni moja tu haiwezi, hizo mbili atazipata wapi.

5. Tukishajifungua tunasahauliwa.

Kutapika kunakwisha, kwa wengi siku ile ile, na watu wanaona mambo yamekwisha. Mie mpaka leo nikisikia harufu fulani ya sabuni ya wodi moyo unaenda mbio. Kuna wenzetu wamekataa kuzaa tena na ndoa zimeyumba kwa hilo, kwa sababu ugonjwa huu mimba nyengine mara nyingi unarudi na hakuna aliyekaa na wao wawili, mke na mume, akawaeleza safari ijayo watajiandaa vipi.

Najua mtakayosema. La kwanza ni bajeti. Waheshimiwa, swali halina bei, na B1 si katika dawa za bei kubwa. Wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanapita nyumba kwa nyumba na simu mkononi wakiwaandika wajawazito, njia mnayo, swali la moyo liwemo na liulizwe kweli, na wafundishwe la kufanya mama akijibu "ndiyo nimefikiria kufa".

La pili mtasema dawa zitamdhuru mtoto. Hofu hiyo ina asili yake, thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi 1957, wajawazito wakawa wanapewa kwa kichefuchefu, mpaka inaondolewa mwisho wa 1961 watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi wamezaliwa na mikono na miguu mifupi. Hakuna mama anayelichukulia hilo mchezo. Lakini dawa za siku hizi za kuzuia kutapika kama promethazini na metoklopramidi zimetumika kwa wajawazito miaka mingi na zimo kwenye miongozo. Ondansetroni nayo, Ulaya walitoa tahadhari 2019 kuwa ikitumika miezi mitatu ya mwanzo inaweza kuongeza kama watoto 3 katika kila 10,000 wenye mdomo au kaakaa lililopasuka. Tuambieni hesabu hiyo tuipime na daktari. Mie nilinyimwa kwa neno "haifai", bila ya maelezo, na kutokula na kutokunywa ndo kukaonekana kunafaa. Dawa za sonona ni hivyo hivyo, daktari anayejua anaweza kuchagua inayomfaa mjamzito, lakini kwanza mtu agundue kuwa mama ana sonona.

La tatu, "wenyewe hawasemi". Kweli hatusemi. Mwanamke wa Kipemba anayelala na mkwe nyumba moja, aseme mbele ya mkwe kuwa hii mimba imemfanya atamani kufa? Ataonekana anamkufuru Mungu aliyempa mtoto wakati jirani anatafuta miaka kumi. Wakati wa Ramadhani nilikuwa naona haya hata kunywa maji na dini yenyewe imeniruhusu nile. Ndo maana tunataka tuulizwe faragha, mume na mkwe wakiwa nje, na mtu anayefunga mdomo wake, kwa sababu visiwa hivi vidogo na habari zinafika bandarini kabla ya boti.

Basi tunachoomba ni hiki. Kila mjamzito aulizwe hali ya akili kliniki kwa maswali yanayojulikana, na anayelazwa kwa kutapika aulizwe kila akilazwa. Muguzi wa afya ya akili aje wodi ya wazazi, amkute mama kitandani, Unguja na Pemba, kuanzia na hospitali za wilaya. Utoke muongozo mmoja wa kutapika kupita kiasi, kwa Kiswahili, ubandikwe ukutani, na B1 iandikwe humo mstari wa juu juu. Wakunga na wahudumu wa vijijini wapewe mafunzo, na mkiona inafaa masheha na maimamu nao wakaribishwe, kwa sababu mama akizidiwa usiku hao ndo wanaogongewa mlango. Na baada ya kujifungua mama aliyeumwa hivi awe na siku yake ya kurudi kuzungumza, na mumewe.

Tunaomba jibu la maandishi, lenye jina la ofisi na tarehe, kabla bajeti ya afya haijaingia Baraza la Wawakilishi, ili hata wawakilishi wetu tujue tuwaambie nini. Na kama mtatuita tuje wenyewe tuzungumze, iwe Chake au mjini Unguja, tutakuja, wanawake wako tayari na wengine watakuja na waume zao. Tunaomba tu kikao kiwe bila ya kamera, bila ya udi, na viti viwili viwekwe karibu na mlango wa choo kwa sababu wenzetu wawili sasa hivi ni wajawazito na hali zao ndo hizo.

Wabillahi tawfiq.

Mama wa watoto wawili,
kwa niaba ya wanawake wenzangu,
Wete, Pemba